Mlima Unapoonekana

Jumamosi, 29 Machi

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu niondoke nyumbani. Incoronata, mke wangu, alinipa daftari hili kituoni, treni ikiwa tayari inapiga honi. Akasema, "Andika humu, uache kunipigia simu mara kumi kwa siku kuniuliza kuku wameamkaje." Basi naandika. Nilisoma hadi darasa la tano, kisha nikashika mwiko wa kupaka plasta, na mwandiko wangu ni wa mtu wa mwiko.

Baa iko juu ya paa la nyumba kongwe ya ghorofa sita, si mbali na kanisa kuu la Milano. Watu huja jioni kunywa wakiangalia jua linavyozama. Wao hunywa, mimi hubeba: barafu, kreti, viti, glasi, maganda ya machungwa. Tangu nilipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi, bega langu la kulia halipandi kupita sikio, na hakuna mjenzi anayemtaka mwashi wa miaka hamsini na minane asiyeinua mkono. Bwana Edoardo, mwenye baa, alinichukua kwa karatasi halali hadi mwisho wa Septemba. Nikiumaliza msimu huu, miaka yangu ya makato imetimia na pensheni ni yangu. Ni mtu wa kwanza katika mji huu aliyeniuliza kama nimekula. Mungu ambariki.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Wateja tisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Anayechanganya vinywaji anaitwa Oriana. Mzaliwa wa hapahapa, miaka thelathini hivi, ulimi wake unakata kuliko kisu chake cha malimau. Sisi watu wa kusini anatuita wala pilipili.

"Wewe mla pilipili, barafu unaileta au unangoja izaliwe?"

"Binti, kwetu milimani barafu inaanguka bure kutoka mbinguni."

"Ndiyo maana mmeikimbia mkaja kula yetu."

Wote wakacheka. Nilicheka na mimi, lakini nilikwenda kuosha glasi kwa hasira hadi nikavunja moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeona kitu.

Chini ya upande wa magharibi wa paa kuna stoo, na humo ndimo ilimo mashine ya barafu. Ukuta mmoja tunagawana na jiko la Bi Piera, mama wa miaka themanini na moja anayeishi ghorofa ya mwisho. Huyu hupanda kila jioni amevaa hereni za lulu na ndara za nyumbani, hupewa glasi moja bure, na kwa sababu ya hiyo glasi halalamikii kelele zetu. Leo aliniambia, "Canio, siku hizi supu yangu ina vumbi. Unafikiri ni uzee?"

Nikaenda kutazama stoo kwa macho ya zamani. Pembeni, pale boriti ya mbao inapoingia ukutani, pana ufa. Unapita unene wa kucha. Umeanza juu na unateremka kwa mshazari, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka.

Kwetu fundi akikuta ufa haulizi una umri gani, anauliza kama uko hai. Anakata kipande chembamba cha kioo, anakigandisha kwa plasta ncha zote mbili, huku na huku ya ufa, na anaandika tarehe. Tunakiita jasusi. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata upana wa unywele, kinavunjika. Kikikaa kizima, ufa umekufa, unaziba unaenda kula.

Nimeweka kimoja leo. Nimeandika tarehe kwa penseli.

Jumanne, 8 Aprili

Wiki ya maonyesho ya samani. Mji mzima umevaa nyeusi na unazungumza juu ya viti. Jasusi mzima.

Jumapili, 13 Aprili

Miguu imevimba. Wateja mia na zaidi kila jioni, wiki nzima. Juzi upepo wa kaskazini ulisafisha anga hata tukauona mlima Rosa, na wateja wakapiga kelele kana kwamba umejengwa siku hiyohiyo.

Leo ndiyo nimepata nafasi ya kwenda pembeni kule stoo. Kioo kimevunjika katikati.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimwambia Bwana Edoardo. Hakunicheka. Alinikalisha, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akanionyesha karatasi ya mhandisi yenye mihuri. Inasema paa linabeba watu mia moja na arobaini.

"Mhandisi alikuja lini, bwana?"

"Mwaka juzi. Asubuhi moja, kulikuwa na ukungu. Alipima kila pembe."

"Kabla ya mizeituni?"

Mizeituni sita ililetwa Februari kwa winchi, kila mmoja na udongo wake ndani ya chungu kikubwa kama bafu. Imepangwa upande wa magharibi, pamoja na meza ndefu mpya ya jiwe. Chini ya mbao za sakafu mipira ya maji inainywesha usiku na mchana.

"Canio," akasema, akaweka mkono kwenye bega langu zima, "nyumba za zamani hupumua. Wewe ulianguka, ndugu yangu. Mtu aliyeanguka husikia kila kitu kikitikisika."

Huenda ni kweli. Nimeweka jasusi wa pili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu jana, haina adabu. Maji yanatiririka kutoka kwenye vyungu na kupotelea chini ya mbao. Wateja wanne chini ya miavuli. Kioo kizima.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nilizungumza na nyumbani. Incoronata amepika mwanakondoo akala na dada yake. Huku nimekula kipande cha keki ya Pasaka yenye umbo la njiwa alichoniachia Bi Piera mlangoni, kimefungwa kwenye leso.

Jumamosi, 26 Aprili

Watu mia moja na kumi, anga zito kama sufuria. Walikaa wametapakaa, huku kundi, kule kundi. Kioo kizima. Nilianza kujiona mjinga.

Alhamisi, 1 Mei

Sasa nimeelewa, na ni afadhali nisingeelewa.

Mchana upepo wa kaskazini ulivuma, milango ikagonga, na ilipofika saa kumi na mbili jioni anga lilikuwa kama kioo kilichofutwa kwa siki. Mlima ukatokea. Watu wa mji huu huishi mwaka mzima kana kwamba hawana mlima. Wanatazama simu, viatu, na viatu vya wenzao. Lakini ukionekana tu, wanakuwa watoto. Mtu mmoja alisema, "Jamani, Rosa!" na paa zima likainuka. Glasi mkononi, wote wakaenda magharibi, wakajipanga kwenye reli ya ukingo wa paa safu nne, safu tano, kati ya mizeituni na meza ya jiwe. Hawakufika hata themanini. Nyuma yao viti vilibaki vitupu, na sakafu upande wa kanisa kuu ungeweza kuchezea mpira.

Niliteremka stoo mbio. Nilisimama mbele ya kioo, mikono mfukoni. Kilivunjika mbele ya macho yangu. Sauti ndogo sana, kama mtu anayeuma punje ya chumvi.

Kwa hiyo hesabu ya watu haina maana. Karatasi ya mhandisi inawahesabu watu kana kwamba ni mifuko ya saruji, ukiiweka mahali inakaa. Mlima unapoonekana, hawakai.

Jumanne, 6 Mei

Bwana Edoardo ametangaza sherehe. Tarehe 16 jua litazama nyuma ya mlima Rosa hasa, kwenye kilele chenyewe, ukitazama kutoka hapa petu. Nafasi mia moja na thelathini. Zimejaa kwa siku moja.

Nilimwambia mara ya pili. Nilimweleza juu ya kioo na juu ya upande wa magharibi. Safari hii hakunipa kahawa.

"Unataka niwaambie wateja waje kutazama mlima wakiwa wameupa mgongo?"

"Nataka uondoe mizeituni, bwana. Na meza."

"Canio, nina wafanyakazi wanane wanaokula kwa paa hili. Wewe mmoja wao. Hiyo pensheni yako nayo iko juu ya paa hili. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimefikiria. Ndilo lililonifanya nishuke ngazi kimya.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika hili kwa sababu nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Bi Piera alisema mpwa wake atakuja na fundi kuangalia vumbi, na atataka kuona upande wetu wa ukuta. Bwana Edoardo akaninunulia mfuko wa plasta na rangi. "Fundi wewe. Rekebisha pawe pazuri." Hakuniambia nifiche. Hakuhitaji kuniambia.

Niliziba. Mkono wangu mwenyewe huu. Nilibandua mabaki ya jasusi, nikajaza ufa, nikalainisha, nikapaka rangi. Ni kazi safi. Bega lilikuwa linawaka moto, lakini ni kazi safi, fundi yeyote angesema. Alasiri mpwa akaja na mtu wake, wakagonga ukuta kwa vidole, wakasema jengo zuri, hawajengi tena hivi. Bi Piera akanipa mkono. "Mradi Canio yupo, nitalala vizuri."

Sikula.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna.

Jumanne, 13 Mei

Mara ya tatu. Nilimkuta Bwana Edoardo anachagua maua ya sherehe. Nikasema, "Bwana, ile niliyoifanya Ijumaa ni rangi tu. Chini yake pako vilevile."

Hakuinua macho. "Una watu wa kuongea nao huko nyumbani? Ongea nao. Umechoka."

Nilikuwa nikidhani ni mtu mwema anayekosea. Leo niliona amelinyofoa ua zima hadi likabaki kikonyo. Anajua. Ana hofu kama yangu, ila yake imevaa shati zuri.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua! Mvua nzuri, nene, ya kijivu. Nilikuwa ninapanga glasi huku nikiimba.

Oriana akasema, "Mzee, una nini? Umepata mchumba?"

"Binti, omba mvua hii iendelee hadi keshokutwa."

"Sherehe je? Bakshishi zangu je? Wewe ni mchawi wa pilipili."

Nikamweleza yote, na plasta pia. Nilitegemea kejeli. Akaacha kufuta meza.

"Na wewe ukaziba?"

"Nikaziba."

"Mpumbavu," akasema, lakini polepole, kama mtu anayesema neno kanisani. Kisha akaondoka na ndoo yake.

Ijumaa, 16 Mei

Upepo wa kaskazini ulianza saa sita mchana.

Niliusikia kabla ya kuuona, milango ya ghorofa ya chini ikijibamiza mmoja baada ya mwingine. Saa tisa hapakuwa na wingu kutoka upeo hadi upeo. Saa kumi na moja mlima ulikuwa pale mwisho wa mji, karibu mno, kila bonde lake linahesabika. Sijawahi kuona kitu kizuri kilichonichukiza hivyo.

Walianza kupanda saa moja jioni. Kitani cheupe, manukato, saa za mkononi zinazoshinda thamani ya nyumba yangu. Bi Piera alikuja na hereni zake, akaketi kwenye kiti chake cha kila siku chini ya mzeituni wa tatu, magharibi kabisa. Nikamwambia, "Bi Piera, leo kaa upande ule, kuna upepo." Akanipiga kidogo kwa upepeo wake. "Miaka themanini nautazama mlima huu, utanihamisha wewe?"

Kufika saa mbili na nusu walikuwa wote kwenye reli. Wote. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha kidole.

Niliteremka kuchukua barafu. Mlango wa stoo haukufunguka. Niliusukuma kwa bega bovu, ukafunguka kwa kukwaruza, na nikaona kwa nini: fremu yake haikuwa tena mraba. Plasta yangu ilikuwa imechanika kutoka juu hadi chini, nyeupe mbichi, na vumbi linaanguka juu ya barafu kama unga kupitia chekeche. Kisha boriti ikatoa sauti. Haikuwa mlio wa kuvunjika. Ilikuwa kama mtu anayevuta kiti taratibu chumba cha pili ili asiamshe watoto.

Sijui nilipandaje ngazi.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini watu mia moja na thelathini wakikurupuka kwa pamoja kwenye sakafu ile, kukurupuka huko kwenyewe kungetosha kuivunja. Nikaenda kwa Oriana kwenye kaunta.

"Binti, watoe pale."

Alinitazama usoni. Alichukua sinia ya chuma, akaigonga mara tatu kwa kijiko, akapanda juu ya kreti upande wa mashariki.

"Mabibi na mabwana! Wali wa zafarani umetoka jikoni, upande wa kanisa kuu! Na vinywaji vyote upande huu ni bure mpaka jua lizame!"

Vichwa vikageuka. Kisha sauti ya mwanamume, safu ya nyuma: "Bure kabisa?"

"Bure, bwana, lakini nina chupa chache!"

Wakaanza kutoka. Safu ya nyuma kwanza, kwa heshima, kama hawana haraka. Halafu ya pili ikaona ya nyuma inahudumiwa, ikaongeza mwendo. Mama mmoja alimpita mumewe kwa kiwiko. Nilihisi mbao zikiinuka chini ya miguu yangu kadiri walivyoondoka, kidogo, kama godoro mtu anapoamka.

Bwana Edoardo alikuwa amesimama katikati, mweupe kama meza yake. "Nani amesema bure? Oriana! Nani amesema bure?"

Kwenye reli walibaki vijana wawili waliokuwa wakipigana picha, na Bi Piera. Nikaenda. Mbao za pale zilikuwa laini. Wale vijana niliwashika mikono bila kuomba radhi, mmoja wao, msichana, akaniita mwendawazimu, na ninakubali. Bi Piera alisema, "Subiri, mwanangu, linagusa kilele." Nikambeba na kiti chake. Bega langu lilipiga kelele, mimi sikupiga. Begani kwangu, akitazama nyuma, yeye peke yake aliliona jua likizama.

Hakikuanguka kitu. Hata jani la mzeituni. Watu walikula wali, wakanywa, saa tano walikuwa wameshuka wote wakisema ilikuwa sherehe nzuri ya ajabu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefukuzwa. Oriana pia.

"Kuna kilichoanguka?" Bwana Edoardo aliuliza. "Nionyeshe. Kipi?"

"Hakuna, bwana."

"Hakuna! Mmelinywesha paa zima bure kwa sababu ya kitu ambacho hakikuanguka!"

Alikuwa anapiga kelele lakini alisimama upande wa mashariki, nikaona hivyo.

Niliteremka moja kwa moja kwa Bi Piera, nikavua kofia, nikamwambia ni mimi niliyeziba ufa. Aliweka kijiko chini. Akasema, "Nenda jikoni kwangu, simu iko ukutani. Waite wazima moto, ndio wanaokagua majengo. Sema jina lako lote."

Walikuja wanne baada ya saa moja, na mkaguzi wao, mtu mfupi mwenye masharubu ya mvi. Nikaomba tindo, nikaibandua plasta yangu mwenyewe mbele yao, kipande kwa kipande, hadi ncha ya boriti ikaonekana. Ilikuwa nyeusi, inavuja. Mkaguzi akachomoa bisibisi na kuigusisha. Ikaingia. Hakusukuma. Ikaingia mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate uliolowa maziwa.

Akaiacha humo. Akanigeukia.

"Jana walikuwa wangapi hapo juu?"

"Mia moja na thelathini."

"Upande gani?"

"Huu."

Akavua helmeti yake, akaketi juu ya kreti ya chupa tupu.

Jumatatu, 19 Mei

Wameufunga mlango wa paa kwa mnyororo. Wanane hatuna kazi. Wenzetu wawili wamenipita ngazini bila salamu. Bi Piera amehamishiwa kwa mpwa wake. Oriana alikuja kuchukua visu vyake, tukakaa kwenye ngazi tukila mkate.

"Sasa utafanya nini, binti?"

"Mji huu una mapaa mengi. Na wewe, mla pilipili? Pensheni?"

"Imebaki huko juu."

Akamega mkate wake, akanipa sehemu kubwa. Hakusema mzaha wowote, na niliutamani.

Jumatano, 21 Mei

Bwana Edoardo alinipata chumbani nikifunga sanduku. Hakuketi. Amekonda kwa siku nne.

"Kesho unatoa maelezo polisi. Watakuuliza uliniambia mara ngapi."

"Mara tatu, bwana."

"Sema moja. Moja tu, ile ya kwanza, nilipokuonyesha karatasi. Nitakutafutia msimu mwingine kwa rafiki yangu. Utatimiza miaka yako."

Nilikumbuka kahawa aliyonimiminia. Bado nampenda kidogo, na hilo linanikera.

"Nitasema tatu," nikasema. "Na nitasema niliziba. Usidhani unakwenda peke yako."

Aliondoka bila kufunga mlango.

Alhamisi, 22 Mei

Nimesema yote, saa mbili nzima, na nimetia sahihi kurasa sita. Wamesema naweza kwenda nyumbani, wataniita. Anga leo ni safi tena. Njiani niliona mapaa mengine matatu yamejaa watu, wote wamegeukia upande mmoja, na nikavuka barabara nisipite chini yake.

Incoronata, usiku huu nitakupigia simu nikuambie hivi: treni inaondoka kesho jioni, halafu kuna basi la asubuhi. Nitafika Jumamosi tarehe 24, kabla ya chakula cha mchana. Mtu akiuliza mbona mapema hivi, usimtafutie jibu. Nitamjibu mwenyewe.